Pahali pa Kuilaza Tausi

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo nimemaliza kulipa salio la boti kwa M-Pesa, nimesimama kando yake, mkono mmoja umeshika ubavu. Ni boti ya tanga ya faibaglasi, urefu futi 18, na jina lake bado linasomeka kwenye shetri, sehemu yake ya nyuma: Tausi. Rangi ya buluu imebabuka, lakini ukigonga ubavu kwa kifundo cha kidole inajibu kwa sauti ile ile kavu kuanzia omo, mbele, hadi tezi, nyuma. Nimegonga pande zote mbili, polepole, na sikusikia pahali palipojibu kwa uzito wa maji.

Aliyeniuzia ni mzee mstaafu wa Lang'ata. Boti imekaa miaka mingi juu ya trela chini ya mjakaranda nyuma ya nyumba yake. Zamani alikuwa akiiteremsha Bwawa la Nairobi, mwendo wa dakika chache kutoka hapo. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953, na waliokuwa vijana miaka ya sitini na sabini wanakumbuka tanga nyeupe zikikata maji Jumapili mchana. Leo ukisimama ukingoni utaona magugu maji, udongo ulioletwa na mto, taka, na pembezoni watu wamelima sukumawiki. "Boti hii haikuyaacha maji," mzee aliniambia. "Maji ndiyo yaliyoiacha."

Mimi ni mtoto wa Takaungu, kijiji cha pwani karibu na Kilifi. Nilifundishwa kushika usukani na ami yangu nikiwa na miaka minane, katika dau lake la uvuvi. Nimeishi Nairobi miaka ishirini na miwili sasa, kazi yangu ni ya mezani, na hakuna mwaka uliopita bila kuota nikishika kamba ya tanga. Kwa hiyo nilipoiona Tausi sikufikiri sana. Hapo ndipo nilipokosea, na ninaliandika ili anayetaka kununua boti akiwa mji huu aanze upande wa pili: tafuta pahali pa kuilaza kwanza, ukishapata ndiyo uitafute boti. Mimi nina boti, na kutoka hapa hadi bahari ni kama kilomita 480.

Jumapili, 19 Januari

Shemeji ameleta pikapu na tumeivuta hadi kwangu South C usiku wa jana, mwendo wa kobe, magurudumu ya trela yakilia njia nzima. Leo nimeipima.

Urefu mita tano na nusu kasoro kidogo, upana mita mbili na sentimita kumi. Uzito nakisia kilo 600 pamoja na mlingoti. Ina ubao wa kati, ule unaoteremshwa chini ya boti kuizuia isisukumwe ubavu na upepo. Ubao ukiwa juu, boti inahitaji maji ya goti tu. Ukiwa chini inataka zaidi ya mita moja na robo. Vipimo hivi viwili ndivyo vitakavyoamua ni wapi italala, kwa sababu boti yenye mkuku (uti wa chini) usioinuka haiwezi kukaa penye matope bila kuegemea ubavu, wakati hii inaweza kukaa juu ya tumbo lake kama bata.

Injini ya nje ni ya nguvu za farasi 8. Iliwaka mara ya nne tulipoijaribu katika pipa la maji. Watoto wa jirani walipiga makofi.

Jumapili, 26 Januari

Kamati ya mtaa imeniandikia. Lori la taka linashindwa kupinda kwa sababu ya trela, na wana haki. Nimepewa hadi mwisho wa Machi kuiondoa. Kwa hiyo nina wiki tisa.

Jumamosi, 1 Februari

Siku nzima nimepiga simu kutafuta pahali pa kuilaza.

Kisumu ni mbali kuliko Ziwa Naivasha mara tatu na zaidi, na magugu maji ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, yanaweza kufunga ufuo mzima usiku mmoja upepo ukigeuka. Nimeikata.

Masinga nimeifikiria zaidi. Ni bwawa kubwa la Mto Tana, lilikamilika 1981, eneo lake kilomita za mraba 120 likijaa. Lakini ni bwawa la umeme: maji hushuka wakati wa kiangazi na ufuo husogea mbali na ulipoacha boti, na mamba wapo. Nimeikata pia, ingawa kwa kusitasita.

Mombasa kuna marina ya kisasa ng'ambo ya Mji wa Kale, yenye gati la kuelea linalopanda na kushuka na maji, umeme na maji ya bomba hapo hapo. Ndiyo namna nzuri kuliko zote ya kufunga boti: kamba huzigusi, kwa kuwa gati na boti vinapanda pamoja. Lakini mpangilio wake unafaa vyombo vikubwa kuliko Tausi, na malipo ni kwa urefu kwa mwezi, boti itembee isitembee. Nami ningeiona mara nne kwa mwaka.

Zimebaki Naivasha na Kilifi. Na Takaungu, kwa sababu moyo haukubali kuiacha.

Jumamosi, 8 Februari

Naivasha, pamoja na shemeji. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, tukapita Kimende katika ukungu ambao taa za gari hazikuweza kuupasua, na saa mbili tulikuwa barabara ya Moi South Lake.

Watu wengi wa Nairobi hawajui kwamba ziwa hili liliwahi kuwa uwanja wa ndege wa mji wao. Kuanzia mwaka 1937, ndege za majini kutoka Uingereza zilitua hapa, juu ya maji, na abiria wakapelekwa Nairobi kwa gari. Nilipolikumbuka hilo nilijisikia vizuri. Kama ndege ililetwa Naivasha kwa kukosa maji Nairobi, boti yangu haitakuwa ya kwanza kufuata njia hiyo.

Tumeona sehemu tatu. Ya kwanza ina gati la mbao ambalo sasa liko katikati ya maji, halijaungana na nchi kavu. Ziwa limepanda miaka hii kumi na zaidi, na mwaka 2020 lilipanda hadi likaingia nyumba za watu mtaa wa Kihoto. Migunga iliyokufa imesimama majini, myeupe kama mifupa, na ukienda kwa boti lazima ujue mashina yaliyokatika yako wapi chini ya uso wa maji. Sehemu ya pili mlango wake umezibwa na kisiwa cha mafunjo kinachoelea. Mwenyewe anasema kilikuja wiki iliyopita na huenda kikaondoka wiki ijayo.

Ya tatu ni kiwanja chenye nyasi, mteremko wa mawe wa kuteremshia boti, na mlinzi mwenye umri wa baba yangu. Asubuhi ziwa lilikuwa kioo. Nilisema papo hapo nimepata. Mzee akatikisa kichwa.

"Umekuja saa ya kudanganywa, kijana wangu. Kaa mpaka saa tisa."

Tukakaa. Tukala samaki wa kukaanga Karagita, tukarudi. Saa nane na nusu upepo ulianza kugusa majani ya mafunjo, saa tisa ulikuwa umeshika nguvu, na saa tisa na nusu mawimbi mafupi yaliyosongamana yalikuwa yakipiga ule mteremko kwa hasira. Boti mbili za watalii zilizofungwa kwenye nguzo zilikuwa zikigonga nguzo hizo kila sekunde tatu au nne. Nilihesabu. Mara kumi na tano hadi ishirini kwa dakika, saa nne kwa siku, siku zote za upepo. Faibaglasi haitaki mambo hayo. Niliona pahali zilipogongea, weupe wa nyuzi umejitokeza kupitia rangi.

"Boti zinazolala majini hapa hufa changa," mzee alisema. "Ile yako iko na trela? Basi ilale juu."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Kichwani mwangu boti iliyo na pahali ni boti iliyo majini.

Jumamosi, 1 Machi. Takaungu na Kilifi

Ijumaa nilishuka na treni ya saa tisa alasiri, nikalala Mombasa kwa dada, alfajiri nikapanda matatu ya Kilifi. Niliichagua tarehe hii kwa makusudi. Mwezi mwandamo umeingia, kwa hiyo ni bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, tena bamvua la Machi ambalo huwa kubwa kuliko ya miezi mingine mingi. Bamvua kama hili maji ya pwani yetu hushuka karibu mita nne kutoka yalipojaa, na hukauka kabisa kama saa nne asubuhi. Baada ya Naivasha nilishaapa kwamba sitatazama tena pahali pa boti saa ya uzuri wake.

Ami alikuwa ananisubiri juu ya ngazi za mawe.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuona maji au kuona matope?"

"Matope, ami."

"Basi yapo."

Mlango wa Takaungu ulikuwa umekauka hivi kwamba watoto walikuwa wakivuka upande wa pili maji yakiwachezea magoti. Ngalawa na madau yalikuwa yamelala kwa ubavu. Nilishuka na mwanzi wangu wa kupimia, niliouzungushia utepe mwekundu kila sentimita 20, nikapima pale ami alipokuwa amenichagulia, mbele ya nyumba yake. Sentimita 30 za maji, na chini yake matope laini ambayo mwanzi ulizama kwa uzito wake. Hilo si baya kwa Tausi, ubao ukiinuliwa. Ubaya ulikuwa hatua tatu pembeni: jiwe la matumbawe la ukubwa wa gunia la mahindi, ncha juu. Boti ikizunguka na nanga usiku maji yakipwa, itakalia ncha ile. Ami alilitazama kwa muda mrefu. Amevua hapa maisha yake yote na anajua kila jiwe, lakini dau lake la mbao lina mkuku wa mti mgumu unaovumilia. Alinieleza jinsi babu alivyokuwa akilipaka deheni chini, mafuta na chokaa, na juu ya maji akalipaka sifa, yaani mafuta ya papa, hadi likanuka mtaa mzima.

"Hicho chako ni sahani," alisema, na hakusema kwa dharau. "Sahani haikalishwi juu ya jiwe."

Saa tano tulikuwa Kilifi, maji bado yakiwa chini. Hori la Kilifi, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ni tofauti kabisa. Ukipita chini ya daraja, lile lililofunguliwa 1991 na kuwaondolea watu foleni ya feri, maji yanapanuka kuwa kama ziwa la chumvi, yenye kina hata wakati wa kupwa. Boti zinalala kwenye maboya: chini kuna jiwe la saruji, juu yake mnyororo, juu ya mnyororo boya. Kutoka ufukoni ukiziangalia zimeelekeza omo zote upande mmoja kama ng'ombe wanaokunywa.

Fundi mmoja alikuwa amevuta mnyororo wa boya pwani kwa ukaguzi wa mwaka. Alinichuchumalisha kando yake. Pete za juu, karibu na boya, zilikuwa na kutu lakini nene kama kidole changu cha kati. Alivyozidi kushuka zikawa nyembamba, na zile za pale mnyororo unapoinuka na kugusa chini kila maji yanapopanda na kushuka zilikuwa zimelika hadi kuwa kama penseli, tena kwa ndani, pale pete inapokaa juu ya mwenzake. Alizisogeza kidogo kuniachia nione. Kwa nje ungeapa mnyororo ni mzima.

"Wenyewe wako Nairobi," alisema. "Wananipigia, 'Fundi, boti iko?' Namwambia iko. Lakini mimi siwezi kuzama kila wiki."

Nikamuuliza kuhusu uchafu wa chini. Alisema boti isiyopakwa rangi ya sumu ya kuzuia viumbe hugandiwa na vikombe vidogo na majani ndani ya wiki chache, na hata iliyopakwa lazima ipandishwe na kusuguliwa mara kwa mara. Na kuanzia Aprili kusi ikianza, nje ya mlango bahari inachafuka hadi Agosti au zaidi, kwa hiyo boti ya futi 18 itabaki ndani ya hori muda huo wote ikisubiri demani, msimu ambao upepo hutulia.

Magharibi watu wa Takaungu walipanda juu kutazama mwezi wa Ramadhani. Nilikaa na ami kibarazani. Alijua nilichokuwa nikifikiri kabla sijakisema.

"Mwanangu, mimi nitaitazama boti yako kila siku nikiwa hai na mguu wangu ukinipa ruhusa. Lakini kutazama si kutunza. Chombo ni kama ng'ombe, hakifugwi kwa simu."

Nilijifanya natazama mwezi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika hesabu kwenye daftari la kazini, wakati wa chakula cha mchana.

Kilifi: boya, fundi wa kuitazama, rangi ya chini kila mwaka, kuipandisha na kuisugua, na nauli yangu na ya watoto. Nikienda mara nne kwa mwaka, kila siku moja ya kutweka tanga itanigharimu zaidi ya mshahara wa wiki mbili. Naivasha: kodi ya kiwanja, mafuta ya pikapu, na maji matamu, yasiyogandisha vikombe vya baharini chini ya boti wala kula chuma kama ya chumvi. Kilomita kama 90. Ninaweza kwenda mara mbili kwa mwezi.

Hesabu imeniambia jambo nililolijua tangu Takaungu. Limeniuma hata hivyo. Nilinunua boti kwa ajili ya bahari, kwa ajili ya kaskazi inayojaza tanga asubuhi na harufu ya mkoko maji yakipwa. Nimefunga daftari, nikarudi kazini.

Jumamosi, 15 Machi

Naivasha tena, safari hii nikiwa nimeamua ila sijalipa. Nimemwomba mzee mlinzi anioneshe pahali pabaya kuliko pote katika kiwanja. Amenipeleka pale hasa nilipotaka kuweka trela, penye nyasi fupi nzuri, karibu na mteremko.

"Unaona nyasi zilivyo fupi?"

Niliona. Kisha akaniinamisha nione ardhi yenyewe. Kulikuwa na njia mbili zilizochimbika sambamba, na katikati yake tuta dogo la udongo lililobaki na majani. Hiyo ndiyo njia ya viboko. Mnyama ni mpana, miguu yake iko mbali upande na upande, kwa hiyo kila upande unachimba mfereji wake na tumbo linapita juu ya tuta. Kwenye matope karibu na maji palikuwa na alama mpya, vidole vinne vikubwa vimetanuka, maji bado yakijaa ndani yake. Viboko hutoka jua likizama kwenda kulisha, na hurudi kwa njia ile ile usiku baada ya usiku. Ukiweka kitu katikati yake, mzee alisema, hatakizunguka.

Kwa hiyo Tausi italala upande wa juu, nyuma ya uzio wa waya mmoja wa umeme unaofika gotini, ambao viboko wanauheshimu. Itabidi kuivuta hatua arobaini zaidi kila tukitaka kuiteremsha. Nimekubali. Sharti lingine la mzee: saa kumi na mbili kasoro boti iwe nchi kavu na watu wawe ndani ya uzio. Hakuna mjadala.

Niliuliza kama tunaweza kufyeka mafunjo kidogo ili kuongeza upana wa njia ya kutokea. Mwenye kiwanja alikataa kabla sijamaliza. Ziwa limeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu tangu 1995, mafunjo yake ndiyo yanayochuja matope ya mito ya Malewa na Gilgil kabla hayajaingia ziwani, na samaki huzaliana humo. Nilimshukuru. Ningependa kila mwenye kiwanja ajibu namna hiyo.

Nimelipa miezi mitatu. Tumeandikiana karatasi, nikahakikisha mambo mawili yameandikwa: kwamba ziwa likipanda nitapewa nafasi ya juu zaidi bila malipo mapya, na kwamba mlinzi ana namba yangu na ya shemeji.

Jioni nilimpigia ami. Alikuwa amemaliza kufuturu. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Kimya kidogo, kisha akauliza maji ya huko yana ladha gani.

Jumamosi, 22 Machi

Beringi za trela. Tulipoitoa Lang'ata zililia, na sasa nimejua sababu: grisi iliyokuwamo imekauka ikawa kama sabuni ya kipande. Fundi wa Industrial Area alitoa gurudumu la kushoto, akazungusha beringi kidoleni, nikasikia chembe zikisagana. Tumebadilisha zote nne. Mtu anayefikiria kuvuta boti iliyokaa miaka kumi asiangalie matairi tu. Beringi ikikwama kwenye mteremko wa Kinungi, gurudumu litakupita barabarani.

Nimenunua pia jaketi okozi sita, kizima moto, nanga ndogo na mita 40 za kamba. Mamlaka ya Bahari ya Kenya hukagua vyombo vidogo hata vya maziwa ya bara, na watoto wangu watatu watapanda boti hii, kwa hiyo ukaguzi huo nautaka kuliko wanavyoutaka wao.

Jumamosi, 29 Machi

Tumeihamisha.

Tulitoka South C saa kumi na moja, tukashika Southern Bypass, tukaingia barabara ya Nakuru pale Gitaru. Nilikaa nyuma ya pikapu nikiitazama safari yote, mlingoti umefungwa juu yake kwa kamba sita. Limuru ilinyesha. Soko Mjinga tulisimama kukagua beringi, nikaweka kiganja kwenye kila gurudumu: vuguvugu, si moto. Wauza viazi walikuja kuizunguka. Mama mmoja aliweka ndoo chini, akashika usukani kwa mikono miwili, akauzungusha kidogo kushoto na kulia, akauliza kama inaweza kubeba magunia. Nikamwambia manne, tena kwa shida. Akacheka, akatuchagulia viazi vizuri.

Saa nne tulikuwa kiwanjani. Mzee alikuwa ameshapanga mawe ya kuzuia magurudumu. Tuliiteremsha mara moja kabla ya upepo, ili nijue kama inavuja. Nilifungua kifuniko cha chini na kutia mkono ndani. Pakavu. Nikangoja dakika kumi, nikatia mkono tena, pakavu. Hapo ndipo nilipokaa shetri na kujiruhusu kutazama ziwa.

Injini inavuta kwa uvivu huku. Naivasha iko zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na kisaidizi cha hewa (turbo) hupoteza karibu sehemu moja kati ya tano ya nguvu zake. Nimeandika hilo ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa ili nisisahau siku nitakapohitaji kurudi dhidi ya upepo wa saa tisa.

Kabla ya kuondoka nimepigilia nguzo ukingoni na kupaka alama za rangi nyeupe kila sentimita 10, kuanzia usawa wa maji ya leo kwenda juu. Mzee alileta rangi iliyobaki ya lango.

Jumamosi, 12 Aprili

Tanga la kwanza. Nilitoka saa tatu na binti yangu mkubwa, upepo ukiwa wa kupuliza mshumaa, tukaelekea upande wa kisiwa cha Crescent, ambacho ni mdomo wa volkeno uliojitokeza majini. Hapo ndipo penye kina kikubwa kuliko pote ziwani. Niliteremsha ubao wa kati, nikasikia ukigonga mwisho wake, na boti ikanyooka na kushika njia. Binti aliuliza kwa nini nimenyamaza. Nilimpa usukani.

Saa sita tulikuwa nchi kavu. Saa tisa, ziwa likiwa limechafuka, tulikuwa tunaiosha kwa ndoo na kula viazi.

Maji kwenye nguzo: yamepanda vidole viwili.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua ya masika imeshuka wiki tatu. Mzee alinipigia Alhamisi, hakusema mengi: "Njoo uone nguzo." Maji yamefunika alama mbili nzima na yanalamba ya tatu. Njia ya viboko nayo imesogea, mifereji yao mipya sasa inapita hatua chache tu chini ya uzio.

Ami yuko hapa. Alipanda treni jana, mara yake ya kwanza kuona Bonde la Ufa. Alishuka hadi ukingoni na fimbo yake, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akayatema, akachota tena. Kisha akaizunguka Tausi yote, akigonga kwa kifundo cha kidole kila hatua, omo hadi tezi.

Tumeisogeza trela hatua sita juu, sisi wanne na mzee mlinzi akihesabu, tukaweka mawe mapya nyuma ya magurudumu. Nimeongeza alama tano kwenye nguzo. Kesho alfajiri, kabla ya upepo, ami atashika usukani.